Gego Lizibwe kwa Kitu Gani?

Gego la kwanza la kudumu humtoka mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi. Huota nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha, na kwa kuwa hakuna kilichodondoka, wazazi wengi hudhani kwamba nalo ni la utoto na litabadilishwa. Halibadilishwi. Jino hilo, lenye mifereji myembamba ambamo unyoya wa mswaki haupenyi, ndilo litakalotafuna muhindi wa kuchoma, miwa na mishkaki hadi uzeeni, Mungu akijalia. Ndilo pia ambalo mara nyingi hutoboka mapema kuliko meno mengine yote ya kudumu.

Likishatoboka na mgonjwa akawahi kabla maumivu hayajafika kwenye kiini, daktari humuuliza swali fupi: tuzibe kwa ile ya rangi ya fedha au ile nyeupe? Mgonjwa, mdomo wazi na shavu limekufa ganzi, hujibu nyeupe kwa sababu inapendeza. Kwa jino la mbele jibu hilo linatosha. Kwa gego halitoshi. Huko nyuma hakuna anayeona rangi, na vinavyoamua kama jino litadumu ni ukubwa wa tundu, mate, mkono wa anayeziba na muda aliopewa kufanya kazi yake.

Miaka hii swali hilo limekuwa la haraka. Novemba 2025, mjini Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kukomesha matumizi ya amalgamu, yaani ile ya rangi ya fedha, ifikapo mwaka 2034. Nyenzo iliyoziba magego ya dunia kwa karibu karne mbili imewekewa tarehe ya kuondoka. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia mkataba huo, kwa hiyo kila kliniki, kuanzia ya hospitali ya rufaa hadi ya kituo cha afya cha wilayani, inalazimika kujua itaziba kwa nyenzo gani baada ya hapo.

Amalgamu karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya anaijua kemia hii kwa vitendo, kwani zebaki hiyohiyo hutumika machimboni kunasa chembe za dhahabu kabla ya kuchomwa ili dhahabu ibaki. Jinoni haichomwi. Hufungamana na fedha, bati na shaba, hutoa rojo zito linaloshindiliwa ndani ya tundu, na huanza kuwa ngumu katika dakika chache. Uimara wake kamili hufikiwa baada ya saa 24 hivi, ndiyo sababu mgonjwa huambiwa asitafunie upande ule siku hiyo.

Safari yake ilianza kwa vurugu. Mwaka 1826 Auguste Taveau wa Paris alitangaza mchanganyiko wa fedha na zebaki kwa ajili ya kuziba meno. Mwaka 1833 ndugu wawili wa ukoo wa Crawcour walivuka bahari hadi New York wakiuza mchanganyiko wa namna hiyo kwa jina la kifahari, na wakaujaza kwenye matundu bila hata kuondoa uozo uliokuwamo. Wagonjwa walipanga foleni kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko dhahabu na haikuuma sana kuwekwa. Madaktari wa meno wa huko walighadhibika. Chama chao, kilichoundwa mwaka 1840, kiliwataka wanachama mwaka 1845 kutia sahihi ahadi ya kutoitumia. Wengi walikataa, mgogoro ukakitafuna chama, na mwaka 1856 kikavunjika. Ilibidi Mmarekani, G.V. Black wa Illinois, atumie miaka mingi kupima uwiano wa madini hayo hadi, mwishoni mwa karne ya 19, akapata fomula iliyoaminika. Tangu hapo amalgamu ikawa kazi ya kila siku ya daktari wa meno, tajiri na maskini wakazibwa nayo.

Iliaminika kwa sababu nzuri. Haiogopi unyevu sana. Mate yakichungulia kidogo wakati wa kazi, kizibo bado kinaweza kushika. Hustahimili shinikizo la kutafuna kwa miaka mingi, na huhitaji hatua chache, hivyo mtabibu mwenye foleni ndefu nje ya mlango anaweza kuimaliza vizuri. Ubaya wake mkubwa wa kiufundi ni kwamba haishikani na jino. Ili isichomoke, daktari huchimba tundu liwe pana chini kuliko mdomoni, na katika kufanya hivyo hulazimika kukata sehemu za jino zilizokuwa nzima. Gego lililozibwa hivyo mara mbili au tatu maishani hubaki na kuta nyembamba, na siku moja ukuta mmoja hukatika mtu akitafuna kitu cha kawaida kabisa.

Kuhusu sumu, ni vema kusema kwa makini, kwa kuwa hofu imetawala. Ni kweli kwamba vizibo vya amalgamu hutoa mvuke kidogo wa zebaki, hasa mtu anapotafuna. Ni kweli pia kwamba tafiti mbili kubwa zilizowafuata watoto kwa miaka, moja huko New England nchini Marekani ikiwa na watoto 534 na nyingine ya shule za Casa Pia mjini Lisbon ikiwa na watoto 507, hazikuona tofauti ya maana katika akili, kumbukumbu wala utendaji wa neva kati ya waliozibwa kwa amalgamu na waliozibwa kwa nyenzo nyeupe. Mkojo wa kundi la amalgamu ulikuwa na zebaki zaidi, lakini madhara yaliyotafutwa hayakuonekana. Matokeo yote mawili yalichapishwa Aprili 2006.

Hata hivyo mamlaka nyingi zimechagua tahadhari. Septemba 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishauri amalgamu iepukwe kwa wajawazito, wanaopanga kupata mimba, wanaonyonyesha, watoto hasa walio chini ya miaka sita, wenye magonjwa ya neva na wenye figo dhaifu. Mamlaka hiyohiyo ikaonya kwamba kizibo kizima kisichimbuliwe kwa hofu tu, kwa sababu wakati wa kuking'oa mvuke huongezeka na jino zima huumizwa. Mwenye amalgamu ya zamani isiyovuja, isiyopasuka na isiyo na uozo pembeni hana sababu ya kukimbilia kliniki.

Kilichoisukuma amalgamu nje hasa ni mazingira. Kila inapowekwa au kuondolewa, vipande huingia kwenye bomba la kutemea mate na kutoka huko hadi mtoni na baharini, ambako vijidudu huweza kuibadili zebaki kuwa ile aina inayojilimbikiza kwenye samaki. Mkataba umepewa jina la mji wa Minamata, Japani, ambako kiwanda cha kemikali kilimwaga taka za zebaki baharini na wavuvi na familia zao wakapooza, wakatetemeka na kufa. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Chanzo kilikuwa kiwanda na wala si kliniki za meno, lakini dunia iliamua kupunguza zebaki popote ilipo. Norway iliizuia mwaka 2008, Sweden mwaka 2009, na Umoja wa Ulaya ukaifungia mlango tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona kuna ulazima wa kitabibu. Mabadiliko ya mkataba ya mwaka 2022 tayari yalikuwa yameelekeza isitumike kwa meno ya utoto, kwa walio chini ya miaka 15, kwa wajawazito na kwa wanaonyonyesha, ila mtabibu akiona hakuna budi.

Basi ile nyeupe ni nini?

Inayojulikana zaidi ni kompositi, resini iliyochanganywa na chembechembe za kioo au silika. Ilizaliwa kwa uvumbuzi wa aina mbili. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba asidi ya fosfori ikipakwa kwenye enameli huikwaruza kwa vijishimo vidogo mno, na resini huweza kuingia humo na kushika. Mwaka 1962 Rafael Bowen akapata hataza ya resini ngumu ambayo ndiyo msingi wa kompositi nyingi hadi leo. Faida yake kubwa ni hiyo ya kugandamana na jino. Daktari huondoa uozo tu, hahitaji kuchimba shimo la mtego, na kuta zilizobaki hushikwa pamoja. Kwa tundu dogo au la kati kwenye gego lenye kuta nzuri, hilo ni jambo kubwa kuliko weupe wake.

Bei yake ni usumbufu. Kompositi inataka jino kavu kabisa, na kuiweka kwenye jino lenye mate ni kama kubandika plasta kwenye ngozi yenye jasho. Kwanza jino hutengwa, vizuri zaidi kwa shiti ya mpira inayotobolewa na kulivishwa jino. Kisha asidi, kuoshwa, kukaushwa, gundi, taa. Halafu kompositi yenyewe huwekwa kwa tabaka za milimita mbili hivi, kila tabaka likiwashiwa taa ya buluu kwa sekunde kadhaa, kwa kuwa resini husinyaa inapoganda, na ikiwekwa bonge moja nene husinyaa hadi ikaachia ufa pembeni au ikaacha chini pakiwa pabichi. Zipo aina mpya zinazovumilia tabaka la milimita nne, nazo hupunguza kazi, lakini haziondoi haja ya ukavu. Taa iliyochoka, yenye ncha iliyochafuka kwa resini ya wagonjwa waliopita, huacha kizibo kigumu juu na laini ndani, na mgonjwa haoni kitu hadi mwaka unaofuata.

Ndiyo maana takwimu za magego hazijaipendelea. Katika utafiti wa Casa Pia, baada ya miaka saba vizibo vya amalgamu vilivyosalimika vilikuwa asilimia 94.4, vya kompositi asilimia 85.5, na uozo mpya pembeni mwa kizibo ulikuwa mwingi zaidi kwa kompositi, takribani mara tatu na nusu. Tathmini ya mtandao wa watafiti uitwao Cochrane, iliyokusanya majaribio kama hayo, ilikuta kompositi ikishindwa karibu mara mbili ya amalgamu kwenye meno ya nyuma. Lakini takwimu hizo zisomwe pia upande wa pili: zaidi ya vizibo vinane kati ya kumi vya kompositi vilikuwa bado vinafanya kazi, na nyenzo pamoja na gundi zake zimeboreshwa tangu watoto wale wa Lisbon walipozibwa. Kompositi iliyowekwa kwa subira kwenye mdomo unaosafishwa hudumu. Iliyoharakishwa haidumu, na anayelipa ni mgonjwa.

Kaskazini mwa Tanzania kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya Ulaya havilipi nafasi kubwa. Katika maeneo ya Arusha na Kilimanjaro yenye maji ya floraidi nyingi, watu hukua na meno yenye madoa ya kahawia. Enameli ya namna hiyo huipinga asidi, hivyo gundi hushika kwa shida kuliko kwenye jino la kawaida. Daktari anayelijua hilo hukwaruza uso kidogo au huiacha asidi ikae muda mrefu zaidi. Aliyekulia Meru akaenda kuzibwa jino Dar es Salaam au ng'ambo hapotezi kitu akimweleza daktari alikokulia.

Nyeupe ya pili haizungumzwi sana barazani, nayo ndiyo yenye uhusiano wa karibu na Tanzania kuliko zote. Ni saruji ya glasi ayonoma, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent na kutangazwa mapema miaka ya 1970. Ni unga wa kioo maalumu unaochanganywa na kimiminika chenye asidi. Hushikana na jino kwa kemia yake yenyewe, hutoa floraidi polepole, na huvumilia unyevunyevu kuliko kompositi. Haihitaji taa. Udhaifu wake ni kwamba hulika na kuvunjika upesi inapobeba mzigo mzito.

Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, akifanya kazi katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikabiliwa na hali ambayo kila mtabibu wa vijijini anaijua: mashine za kuchimbia zinataka umeme na maji, na vijijini havikuwapo. Mgonjwa mwenye tundu dogo alikuwa na njia mbili tu, kusubiri liume au kung'olewa jino. Timu ikaanza kutumia vifaa vya mkono peke yake. Kishoka kidogo hupanua mdomo wa tundu, kijiko kidogo chenye makali hukwangua uozo laini, kisha saruji huingizwa. Mwanzoni walitumia saruji ya polikaboksileti, baadaye glasi ayonoma ikachukua nafasi.

Anayeitazama kazi hiyo hushangaa jinsi ilivyo tulivu. Mgonjwa hulazwa juu ya meza, ya darasani ikibidi. Hakuna mlio wa mashine, na mara nyingi hakuna sindano, kwa sababu kinachokwanguliwa ni sehemu iliyokufa na kwa kawaida haiumi. Tundu hupakwa asidi hafifu, huoshwa na kukaushwa kwa pamba. Unga na kimiminika huchanganywa kwenye karatasi, hujazwa jinoni pamoja na ile mifereji ya jirani, kisha mtabibu hupaka vaselini kwenye kidole cha glovu na kukandamiza. Ziada hukwanguliwa, mgonjwa hukatazwa kula kwa saa moja. Basi.

Mbinu hiyo ilijaribiwa kwa mapana nchini Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani iliyokuwa na mada ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Leo hufundishwa hadi katika vyuo vya nchi tajiri, na hutumiwa kwa watoto waoga na wazee wasioweza kufika kliniki. Ni haki Watanzania wakijua kwamba ilianzia kwao.

Inafaa kwa gego? Inategemea tundu. Tathmini ya tafiti nyingi iliyochapishwa mwaka 2012 ilikuta kwamba, kwenye meno ya kudumu, vizibo vya namna hii vya upande mmoja, yaani tundu la juu peke yake, vilisalimika kwa asilimia 80 baada ya miaka mitano. Hayo ni matokeo ya heshima. Kwenye meno ya utoto, tundu la upande mmoja lilishika kwa asilimia 93 katika miaka miwili, lakini tundu lililokula hadi ubavuni, kati ya jino na jino, lilishuka hadi asilimia 62. Kwa hiyo, kwa tundu dogo la juu, glasi ayonoma nzito ni chaguo la kujivunia. Kwa tundu kubwa la ubavuni, si suluhisho la kudumu, ingawa huweza kuituliza hali hadi mgonjwa apate kompositi au kofia ya jino.

Mahali hapo pa ubavuni ndipo penye mtihani wa magego, kwa nyenzo yoyote ile. Daktari asipozungushia jino utepe wa chuma na kabari kabla ya kujaza, kizibo hakigusani sawasawa na jino la jirani, na kila mlo nyuzi za nyama na za embe hunasa hapo, fizi huvimba na uozo hurudi. Mgonjwa apitishe uzi wa meno kabla hajanyanyuka kitini: ukipita kwa kubana kidogo na kutoka mzima, kazi ni nzuri, na ukipita bila kugusa kitu au ukakatika, aombe irekebishwe palepale.

Kuna magego ambayo hayapaswi kuzibwa kwa lolote kati ya hayo. Jino lililobaki na ukuta mmoja au kuta mbili nyembamba, au lililotibiwa mizizi, linahitaji kofia inayolifunika lote, la sivyo litapasuka. Kwa gego la utoto lililooza pande mbili, kofia ya chuma iliyo tayari, inayobandikwa bila kuchimba kwa njia iliyoenezwa na Norna Hall wa Scotland, hushinda vizibo vingi kwa kudumu. Haipendezi picha, lakini mtoto hula na kulala.

Na tundu refu lililoshuka chini ya fizi, linalovuja damu na mate bila kukoma? Hapo ndipo madaktari wengi wanapoikumbuka amalgamu, na hawakosei. Kwa mtu mzima asiye katika makundi ya tahadhari, na pale inapoendelea kuruhusiwa, kizibo cha amalgamu kilichowekwa vizuri ni bora kuliko kompositi iliyowekwa kwenye dimbwi. Lakini kwa matundu madogo na ya kati, ambayo ndiyo mengi mgonjwa akiwahi, hakuna tena hoja ya kukata jino zima ili kuipa amalgamu mtego wa kushikia. Kompositi, palipo na ukavu, taa nzuri na muda; saruji ya glasi, pasipo na hayo.

Shirika la Afya Duniani liliiingiza glasi ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Wizara za afya za Afrika Mashariki zina nafasi ya kuitumia hatua hiyo kabla ya 2034: saruji hiyo iagizwe na kufika kwenye vituo vya afya kama zinavyofika dawa za malaria, matabibu wa meno wapewe mafunzo ya vifaa vya mkono na ya kutenga jino lisilowe, na mifuko ya bima ilipie kompositi na saruji ya glasi kwa kiwango kinachomwezesha mtoa huduma kufanya kazi bila haraka. Bila hivyo, zebaki itaondoka na nafasi yake itachukuliwa na koleo la kung'olea.